Mimea Adimu ya Nchi Kavu: Wapi Kupata Vipando vya Halali

Wanachama kadhaa wa Unguja na Pemba wametuuliza swali moja kwa njia mbalimbali: ni wapi mtu aweza kupata vipando vya ile mimea minene ya nchi kavu, yaani mishubiri ya namna namna, minyaa na jamaa zao, ambayo siku hizi watu wa mijini na wenye mahoteli wanapenda kuipanda mbele ya nyumba zao? Baadhi ya waliouliza wana watoto au ndugu wanaofanya biashara Kahama na sehemu nyingine za nchi ya dhahabu, nao wamesikia kwamba katika pori la upande wa Buzwagi mimea hiyo ni ya bure, haina mwenyewe, ni kung'oa tu na kutia kikapuni. Tumeona yafaa swali hili lijibiwe kwa urefu, maana jibu lake lagusa fedha, sheria, na jambo moja lililo letu wenyewe katika kisiwa cha Pemba.

MIMEA GANI HII?

Tunayoisema hapa ni mimea inayoweka akiba ya maji mwilini mwake. Mshubiri huweka maji katika majani, mnyaa huweka katika shina na matawi, na mingine huweka katika mizizi iliyovimba kama muhogo. Mkonge nao ni wa kundi hili. Afrika ya Mashariki ina utajiri mkubwa wa mimea ya namna hii. Mwaka 1961 mtaalamu Peter Bally, aliyefanya kazi miaka mingi katika makumbusho ya Nairobi, alitoa kitabu kizima juu ya jamii moja tu iitwayo Monadenium, na sehemu kubwa ya aina zake zaota Tanzania. Mwaka 1966 Gilbert Reynolds alitoa kitabu kikubwa juu ya mishubiri ya Afrika ya joto na Bukini. Kwa hiyo mimea ambayo wenyeji wameizoea hata hawaitazami, wataalamu wa ulimwengu wameiandikia vitabu, na watu wa Ulaya, Marekani na Asia huilipia fedha nyingi ikiwa ni adimu.

Mwenye mikarafuu aweza kuuliza, hayo yanamhusu nini? Yanamhusu hivi. Mkarafuu wataka udongo wenye kina na mvua ya kutosha. Lakini wengi wetu tuna vipande vya ardhi ya maweni ambapo mkarafuu hauwezi kusimama, na vipande hivyo hukaa bure mwaka hadi mwaka. Mshubiri haulalamikii mawe. Mtu mwenye kitalu kidogo cha mimea hii, akiitunza vizuri, hupata kitu cha kuuza katika miezi ambayo hakuna karafuu ya kuchuma.

BUZWAGI NA NCHI YAKE

Buzwagi iko karibu na mji wa Kahama, katika mkoa wa Shinyanga. Mgodi wake mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ukaacha uzalishaji mwaka 2021, na Serikali imelitenga eneo lile liwe la viwanda na biashara. Nchi ya huko ina mvua ya msimu mmoja na kiangazi kirefu, na mmea usiojua kuweka akiba haudumu. Mgeni aendaye huko huona kaya nyingi zimezungushiwa nyua za minyaa au za mkonge, na ndani yake ng'ombe. Mnyaa kwa Msukuma ni ukuta, ni mpaka wa shamba, na ni kinga ya upepo.

Lakini mgeni asidhani kwamba pori lile halina historia. Tangu miaka ya 1920 miti mingi ya Shinyanga ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o, kisha ikaendelea kukatwa kwa ajili ya mashamba ya pamba na kwa kuni, hata watu wakasema nchi yageuka jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mpango ule ulianza kwa kutegemea vitalu vikubwa vya Serikali. Baadaye nguvu ikahamishiwa katika vitalu vidogo vya vijiji, vya shule na vya watu binafsi, na zaidi ya yote katika kufufua desturi ya zamani ya Wasukuma iitwayo ngitili, yaani kutenga kipande cha malisho na kukiacha kipumzike mpaka kiangazi. Miti, majani na mimea ya dawa ikarudi. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na mpango wenyewe ukaisha mwaka 2004.

Twapata mafunzo mawili hapo. La kwanza, pori la Kahama lina wenyewe. Ngitili ni ya mtu au ya kijiji, msitu wa hifadhi una wasimamizi wake, na eneo la mgodi lina mwenye idhini. Aingiaye na jembe bila ruhusa ni mwizi kama yule achumaye karafuu usiku katika shamba la jirani. La pili, Shinyanga haikuponywa na vitalu vikubwa peke yake. Ilisaidiwa na vitalu vidogo vilivyo karibu na watu, na ardhi iliyoachwa ipumzike. Mafunzo haya yatatufaa tutakapofika mwisho.

"ITAKUFA TU"

Kuna neno moja ambalo msafiri wa nchi ya migodi husikia mara nyingi: mimea hii itafukiwa tu na katapila, basi bora niichukue mimi. Neno hili lina sura ya busara, nalo lahitaji jibu.

Ni kweli kwamba penye machimbo ardhi hupinduliwa, na kinachoota juu yake hufa. Kuihamisha mimea ya mahali kama hapo ni kazi njema, lakini ifanywe kwa ruhusa ya mwenye eneo na wakuu wa misitu, na kila mmea uandikwe ulikotoka na ulikopelekwa. Msafiri aliyejaza kikapu chake usiku hakuhamisha kitu, ameondoa tu. Hakuna ajuaye ni mmea gani, wala ulitoka kilima gani. Tena biashara ikishaanza haisimami mpakani mwa mgodi. Mnunuzi akishazoea bei ndogo atataka mingine, na ile mingine itang'olewa mahali ambapo hakuna katapila.

Hatari hii si ya kufikiriwa tu. Afrika ya Kusini, tangu mwaka 2019 hivi, mamia ya maelfu ya mimea midogo ya nchi kavu iling'olewa porini na kukamatwa njiani ikipelekwa ng'ambo. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata zaidi ya mimea 1,000 ya jamii ya mpungate iliyotolewa katika jangwa la Chile, na mwaka 2021 mamia ya hiyo ikarudishwa kwao. Mimea hii hukua polepole mno. Mmoja ulio mkubwa kama chungu cha uji huenda una umri wa mzee wa makamo, na ukishang'olewa mahali pake hakuna mtoto wa kushika nafasi yake kwa miaka mingi.

SAFARI YA MIKONGE 62

Atakaye kujua tofauti ya kitalu na kikapu, na akumbuke habari za mkonge. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikapitia Hamburg. Vilipofika Tanga vilivyokuwa hai vilikuwa 62 tu. Hivyo 62 vilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, vikatunzwa, vikazalishwa, na watoto wao wakazalishwa tena. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa mbele ya nchi zote za ulimwengu kwa mkonge.

Mkarafuu wetu nao haukuwa wa hapa. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa, ambako nako ulikuwa umeletwa kutoka Maluku. Na baada ya tufani ya mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, mashamba yalirudi kwa kupanda upya. Basi ikiwa mimea 62 yaweza kulisha nchi nzima, ya nini kung'oa mimea 1,000 porini? Anayetaka mimea mingi hahitaji pori kubwa. Ahitaji mama wachache wenye asili inayojulikana, na subira.

DALILI ZA KITALU CHEMA

Mwenye mikarafuu hahitaji kufundishwa sana namna ya kuchagua kitalu, kwa maana anajua kwamba kipando kibaya humpotezea mtu miaka saba kabla hajatambua. Twaomba atumie jicho lile lile, na atazame haya:

Kwanza, auulizie mti mama. Mwenye kitalu wa kweli atakuonyesha mmea aliouchukulia mbegu au vipande, au atakuambia aliupata kwa nani. Ajibuye "yatoka porini" au "aliniletea kijana mmoja" amekwisha kujibu.

Pili, mimea yake ilingane. Iliyopandwa siku moja kwa mbegu moja hukaribiana ukubwa. Ukiona mikubwa kwa midogo imechanganyika, mmoja umepinda, mwingine una kovu la jino la mbuzi na majani yaliyobabuka kwa jua, jua kwamba imekusanywa.

Tatu, mizizi. Kipando kilichokulia katika kiriba kina mizizi mingi myembamba iliyoshika udongo. Kilichong'olewa kina mizizi minene iliyokatwa, na ukikitikisa huchezacheza.

Nne, jina na mahali. Kitalu kizuri huandika jina la mmea na mahali asili yake ilipotoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mimea adimu daftari ni nusu ya mali. Mshubiri usiojulikana ulikotoka ni wa mapambo tu, mtaalamu hautaki.

Tano, usafi. Tazama katikati ya majani na chini karibu na mizizi. Ukiona wadudu weupe kama vipande vya pamba, usinunue hata mmoja, maana utakwenda kuambukiza kitalu chako chote.

Sita, risiti. Asiyetaka kuandika jina lake katika karatasi ana sababu yake.

MAHALI PA KUTAFUTA

Mahali pa kwanza ni ua wa mtu. Aliyeko Kahama na ataka mnyaa, aende kwa mwenye kaya, amsalimu, aombe au anunue matawi machache. Ua hautadhurika, kwani hukatwa kila mara, na mwenyewe atapata haki yake. Kwa mimea ya kawaida ua wa jirani ni kitalu tosha.

Mahali pa pili ni vitalu vya kando ya barabara katika miji mikubwa, kama Dar es Salaam na Nairobi. Huko mtu hupata mishubiri, mikonge ya mapambo, na ule mti mfupi wenye tumbo nene na maua mekundu uitwao Adenium. Lakini vitalu hivi havifanani. Vingine huzalisha wenyewe na vingine hupokea mizigo ya usiku, na kwa hiyo zile dalili sita zatakiwa zaidi hapa. Kwa upande wa Kenya, mwaka 1986 Rais alikataza kuvuna mishubiri ya porini, na mwaka 2007 zikatolewa kanuni za kuwapa idhini wanaoilima. Anunuaye huko aulize idhini hiyo bila haya.

Mahali pa tatu ni ng'ambo, kwa wale wanaotaka aina zilizo adimu kabisa. Bustani ya Huntington, katika jimbo la California, ina mpango wa kuzalisha mimea adimu katika vitalu vyake na kuigawa kwa kuiuza, na kila mmea una habari ya asili yake. Tunautaja mpango huu kwa sababu waonyesha njia: mmea mmoja wenye asili inayojulikana huzalishwa mamia, bei hushuka, na mwizi hukosa soko.

HATI ZA SAFARI

Mkataba wa ulimwengu juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uitwao CITES, ulitiwa saini mwaka 1973, na Tanzania ni mwanachama wake. Mishubiri yote imo katika orodha zake, isipokuwa ule mmoja wa dawa ulioenea duniani kote, uitwao Aloe vera. Jamii ya mnyaa iliyo minene imo pia. Maana yake ni kwamba mmea hai wa namna hizi hauvuki mpaka wa nchi bila hati ya CITES, hata ukiwa mmoja mkononi mwa abiria. Mbegu za mishubiri iliyomo katika orodha ya pili ya mkataba hazitakiwi hati hiyo, lakini cheti cha afya ya mimea bado kinatakiwa. Ndiyo maana wajuzi wengi huagiza mbegu badala ya miche. Huwa nyepesi, halali, na haziji na wadudu wa mizizi.

Kutoka Kahama mpaka visiwani hakuna mpaka wa nchi, lakini ipo bahari, na bahari ni kinga yetu. Kabla ya kuleta kipando cho chote, mwanachama amwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wilaya yake, na akionyeshe kwa wakaguzi wa mimea bandarini. Maradhi ya mikarafuu yametusumbua vya kutosha, hatuhitaji kuongeza mengine kwa ajili ya ua la mlangoni.

KITALU CHAKO MWENYEWE

Aliyezoea kuotesha mikarafuu itambidi asahau baadhi ya aliyozoea. Mbegu ya karafuu lazima ipandwe ingali mbichi, hufa ikikauka, na mche wake hutaka kivuli na maji. Mshubiri ni kinyume. Mbegu zake hukaushwa, hupandwa juu ya mchanga wa chenga kubwa uliochanganywa na udongo kidogo, na hufunikwa kwa changarawe nyembamba. Hutiwa maji kidogo, na huachwa katika mwanga wenye kivuli chepesi. Vipande vya mnyaa na vya mishubiri yenye matawi visipandwe siku vinapokatwa. Viwekwe kivulini mpaka kidonda kikauke, siku saba au zaidi, ndipo vipandwe. Vipando vingi hufa kwa kuoza kuliko kwa kiu.

Tahadhari mbili. Utomvu wa mnyaa ni hatari kwa macho, na utomvu wa Adenium ulitumiwa kutia sumu katika mishale. Watoto wasichezee. Tena, mishubiri huchanganyika kwa urahisi. Ndege chozi hubeba unga wa ua moja hadi jingine, na mshubiri kwa kawaida hauzai mbegu bila mwenzake. Mwenye aina tano pamoja, mbegu atakazopata huenda zikawa za chotara, na akiziuza kwa jina la mama atakuwa amemdanganya mnunuzi.

MSHUBIRI WA MISALI

Sasa twafika katika jambo lililo letu. Magharibi ya Pemba kiko kisiwa cha Misali, ambacho wazee husema kimefanana na msala wa kusalia. Katika mawe yake huota mshubiri mmoja ambao mtaalamu Len Newton aliuandika mwaka 1998 na kuuita Aloe pembana, yaani mshubiri wa Pemba. Asili yake ni huko huko kwetu.

Mwanachama na apime maneno haya. Mmea wenye kisiwa kidogo namna hii ndio ambao mwenye fedha wa ng'ambo atautafuta, na ndio ambao watu wawili wenye magunia wanaweza kuumaliza kwa usiku mmoja. Na anayeleta mishubiri ya bara na kuipanda pwani inayoelekea Misali aweza kuharibu uzao wake kwa njia ya chozi, bila kugusa mmea hata mmoja.

Kwa hiyo twatoa shauri hili. Mishubiri ya bara ipandwe mbali na pwani ya magharibi ya Pemba. Mtu asing'oe cho chote Misali, wala asinunue kwa aliyeng'oa. Na wanachama wa Pemba wenye ardhi ya maweni wapeleke ombi kwa wakuu wa hifadhi na wa kilimo, kwamba mbegu chache zichukuliwe kwa hesabu na ruhusa, zioteshwe katika kitalu kimoja kilicho chini ya uangalizi, na daftari lake liwekwe tangu siku ya kwanza. Kitalu hicho kikisimama, atakayeuliza wapi aweza kupata mshubiri wa Pemba kwa halali ataelekezwa Pemba. Mwenye nia ya kutia jina lake katika ombi hili alipeleke kwa katibu wa tawi lake kabla ya msimu wa kuchuma haujaanza, maana msimu ukishaingia hakuna mwenye nafasi.